Wiki Tatu za Cheka-asubuhi

"Baba, udongo huu mliutoa wapi?"

Swali lilimkuta Dereva mguu mmoja ndani ya buti, mwingine nje. Mama mkwe wake alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya uwanja wa nyuma, karibu na bomba, uso umekaribia kugusa ardhi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na zamu yake ya upasuaji ilikuwa bado miezi. Vitu vidogo alivisoma kwa vidole na kwa pua.

"Ni kifusi tu, mama. Tulijazia pale maji yalipokuwa yanatuama."

"Kifusi cha wapi?"

"Cha huko kazini. Malori hutupa ovyo."

Mama mkwe alichuma jani dogo, akalifikicha, akalinusa. Kisha akainuka kwa kujishika magoti. "Haya, nenda kazini, baba, usije ukachelewa," alisema, na Dereva akaondoka bila kufunga kamba za buti la pili.

Barazani, mkewe alikuwa amesimamisha cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na watu wa nyumba ile walishajua kwamba cherehani ikinyamaza, kuna mtu anasikiliza. Alimtazama mumewe akipita, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie mwenyewe. La sivyo majani yatamwambia."

Tuuseme ukweli mapema, maana Dereva mwenyewe alikuwa haukaribii. Kazi yake ilikuwa kuendesha tingatinga. Mwaka uliopita barabara mpya ilipitishwa kwenye kilima alikokaa mama mkwe wake, kilima cha mawe chenye udongo kiduchu. Watu walihamishwa, nyumba zikavunjwa, na yule mama hakutoa chozi. Alisema nyumba ni matofali. Aliomba kitu kimoja tu. Nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko, kila mwaka baada ya mvua yaliota maua ya mwituni ambayo yeye, mama yake na bibi yake waliyaita cheka-asubuhi. Ni ua la bluu. Linafunguka alfajiri, na ikifika saa sita mchana limeshanuna. Mmea wenyewe ni wa mwaka mmoja: unaota, unachanua, unamwaga mbegu, unakufa, na mwakani wanaota watoto wake. Mbegu akiba hakuwahi kuweka, maana nani anaweka akiba ya kitu ambacho kilima kizima ndicho ghala lake? Na mahali pengine hakuwahi kuyaona. Basi akamtuma binti yake: mwambie mumeo azungumze na wakubwa wake, wanisubirie wiki tatu. Maganda ya mbegu bado mabichi. Wiki tatu tu, yakauke, nikusanye.

Dereva alisema atazungumza. Hakuzungumza. Msimamizi wake, ambaye vijana wa kazini walimbandika jina la Haraka, siku hiyo aliamka na hasira zake, na Dereva akajiambia kwamba kumpelekea mtu yule habari za maua ni kujitafutia kuchekwa mwaka mzima. Akapanda mashine, akashusha bapa lake la chuma la mbele, akaukwangua mteremko wote kabla ya saa ya chakula. Jioni alirudi nyumbani akasema, "Nilifika nikakuta wenzangu wameshamaliza."

Angeishia hapo, pengine angesalimika. Lakini barabara haiutaki udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi. Husukumwa pembeni, na mwenye kuuhitaji hujichukulia. Nyumbani kwake kulikuwa na shimo. Akaleta lori moja. Mkewe aliliona lori, akauona udongo, akajua yote, na akakaa na siri ile kama mtu aliyemeza mfupa. Wiki mbili baadaye mama yake alihamia kwao na mabegi mawili na kigoda.

Tangu hapo Dereva hakula chakula cha jioni kwa raha. Mama mkwe alikuwa mpole, ila alikuwa na dua yake moja. "Yule aliyeshika usukani siku ile, sijui ni mtoto wa nani," alisema huku akimsogezea mkwewe bakuli la mboga. "Simlaani. Mungu ampe umri mrefu, naye apende kitu, halafu aone kinavyokwanguliwa. Ongeza mboga, baba." Na baba akaongeza mboga, akameza kwa maji.

Mvua za mwaka huu zilipokuja, kona ile ikaota. Mkewe alitaka kung'oa, kama anavyong'oa magugu yote, lakini mama yake akamshika mkono. Kila asubuhi alikwenda kupapasa miche, akahesabu kwa kidole: kumi na minne. Majani yalikuwa na manyoya membamba, na ukiyafikicha yalinuka kama tango bichi.

"Sijasema ndiyo," alimwambia binti yake, kwa sauti iliyosikika mpaka chumbani. "Harufu inaweza kunidanganya. Magugu nayo yana ndugu zao. Lakini likichanua, bluu ile sitaikosea hata kama macho yatazimika kabisa. Likichanua nitajua."

Chumbani, Dereva alikaa kitandani na soksi moja mkononi. Likichanua atajua ni ua la kilimani. Akijua ni ua la kilimani atauliza lilifikaje. Na mtu aliyekuta wenzake wameshamaliza, udongo ule aliupataje? Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa inafikia ukingoni kwa kasi ya mmea unaokua.

Kwanza alimwendea fundi wa kutandaza matofali. Kwa miaka sita mkewe alikuwa ameomba uwanja ule utandazwe, amechoshwa na tope linaloingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja, na hatimaye walikuwa wamepatana na fundi aje mwisho wa mwezi. "Njoo wiki hii," Dereva alimwambia. Fundi akamcheka. Alikuwa na ukuta wa watu, hajaufikisha hata dirishani. Na tangu lini mwanaume akakimbilia kutandaza uwanja kama anakimbilia mazishi?

Wakati huohuo mama mkwe akashikwa na mafua makali. Alilalamika kwamba hata chai hainusi, anakunywa maji ya moto tu. Vidole vyake, lakini, havikuwa na mafua. Vilimwambia kwamba kwenye ncha za miche kumi na minne kulikuwa na matumba.

Ijumaa mkewe alimpeleka mama yake kliniki. Dereva alitoka kazini mapema na galoni ya dizeli. Kila mtu wa mashine anajua, dizeli ikimwagika mahali, mwaka mzima hapaoti kitu. Aliimimina kwenye kopo la kijani la kumwagilia, ili ienee sawasawa, kwa sababu hata kwenye uovu alikuwa mtu wa kazi safi. Akasimama juu ya miche. Mkono ukakataa. Tumba moja lilikuwa limepasuka kidogo nchani, na ndani palionekana uzi wa bluu. Alikumbuka kwamba siku ile ya mteremko hakuwa ameona bluu yoyote. Kutoka juu ya mashine kila kitu kilikuwa kijani na vumbi. Alisimama pale mpaka mgongo ukamuuma. Kisha akasikia sauti za wanawake langoni, akalisukuma kopo nyuma ya pipa la maji, akaenda kuwapokea. Alisema moyoni atalimwaga kesho.

Kesho yake Haraka alimwita kazini kabla hajanywa chai.

Saa tatu na nusu asubuhi alikuwa juu ya mashine, injini inanguruma, simu ikatetemeka kifuani. Ni mkewe, yuko shuleni anapeleka sare. "Nilikuwa nauliza tu, lile kopo la kijani uliliweka wapi? Mama kanipigia analitafuta. Anasema mvua imekata siku kumi, anataka kuyapa maji kidogo yachanue."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ajaribu kutazama nyuma ya pipa. Kwani vipi?"

Dereva alikata, akapiga namba ya mama mkwe. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Aliiona kwa macho ya moyo, ile simu ndogo, ikiita juu ya meza ya chumbani, na mwenyewe yuko uwanjani na kopo mkononi. Akashuka kwenye mashine bila kuizima.

"Unakwenda wapi wewe?" Haraka alimkemea.

"Nyumbani. Narudi."

"Ukitoka bila ruhusa nakuandikia onyo."

"Andika, mkuu," alisema Dereva, na ameshapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alimhimiza mwenye pikipiki mpaka yule akamwambia, ndugu yangu, kama kuna mgonjwa sema, nijue tunakufa kwa sababu gani.

Lango lilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameinama konani, kopo la kijani mkononi, na ile mvua nyembamba ya kopo iling'aa rangirangi kwenye jua.

"Mama, acha. Weka kopo chini."

Akaacha. Akageuza uso kuelekea sauti. "Baba? Mbona unahema hivyo? Kuna nini?"

"Hayo si maji."

Mama mkwe alipitisha vidole vyake kwenye mdomo wa kopo, akavisugua, akavileta puani, akavuta pumzi. Hakupata kitu. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na hafunguliwi. Kisha akamnyooshea mkwewe ule mkono.

"Mafua yamenifunga. Niambie wewe, ni nini?"

Uongo ulikuwepo, tayari, umevaa na viatu. Angeweza kusema dawa ya mbu. Angeweza kusema maji ya betri. Ule mkono ulikuwa umenyooshwa mbele yake, unateleza mafuta, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya mashine yoyote.

"Ni dizeli, mama."

"Dizeli imeingiaje kwenye kopo la maji?"

"Nimeitia mimi. Jana. Nilitaka kuyaua kabla hayajachanua."

"Yamekukosea nini?"

"Ungejua udongo umetoka kwako."

Mama mkwe aliushusha mkono polepole, akaufuta kwenye kanga yake. "Lakini hilo nalijua," alisema. "Tangu yalipofikisha majani matatu. Nilijiambia: mkwe wangu alifika akakuta wameshamaliza, ikamuuma kurudi mikono mitupu, akaniletea udongo wangu nyumbani, akaona haya kusema. Nilikuwa nimekutungia hadithi nzuri, baba. Nilikuwa nasubiri lichanue ndipo nikushukuru."

Dereva angeweza kuishika hadithi ile. Alikuwa amepewa bure, imeshonwa vizuri, inamtosha mwilini. Mwanamke yule asingejua kamwe.

"Sikukuta wameshamaliza," alisema. "Nilikuwa mimi. Sikuomba zile wiki tatu. Niliona haya kuchekwa. Nilishusha bapa, nikamaliza kabla ya saa saba."

Jirani alikuwa anapasua kuni. Alipasua tatu, nne. Mama mkwe aliinama, akalitafuta kopo kwa mkono, akalisogeza mbali na miche, taratibu, mpaka lilipogusa ukuta.

"Iliyobaki salama ni mingapi?"

Dereva akatazama. Kumi iling'aa mafuta. Kwenye ukingo wa mbali, chini ya bomba, kulikuwa na miche isiyoguswa. "Minne."

"Basi usinisimamie hapo kama nguzo. Udongo unakunywa."

Alileta jembe, akalitupa, lingekata mizizi. Akaleta koleo dogo la kuchanganyia saruji. Mwisho alitumia kijiko cha jikoni na mikono. Maisha yake yote alikuwa amekwangua ardhi kwa tani, na sasa alikwangua kijiko kwa kijiko, akizunguka mche mmoja mmoja wa ile minne, akichimba mfereji kati yao na wenzao waliokwisha kunywa, akitupa udongo ulioloa nje ya lango. Mkewe alirudi akamkuta amelala kifudifudi, shavu chini, anachokoa. Alimtazama mama yake kwenye kigoda. Akatazama kopo. Akaenda kuleta ndoo.

Miche kumi ilikuwa imekauka ilipofika Jumatatu. Minne ilisimama.

Mama mkwe hakumsemesha mkwewe tena. "Mwambie mumeo chai iko mezani," alisema, na mumeo mwenyewe ameketi kwenye meza hiyohiyo, anaitazama chai. "Mwambie mumeo shati lake limekauka." Lile neno baba lilikuwa limeondoka nyumbani. Dereva hakujua alikuwa analipenda kiasi gani mpaka lilipokosekana. Usiku na mchana aliwaza ile minne. Kuku wa jirani akiruka ukuta, moyo unamruka. Upepo ukivuma, anatoka. Ile ikifa, hakuna mbegu nyingine duniani aliyoijua yeye, wala mama mkwe, na kilichofutwa kwa bapa kingefutika kweli.

Siku ya sita asubuhi, alikuta maua. Sita, kwenye miche minne. Alibisha mlango wa mama mkwe, akasema kwa heshima zote, akitazama sakafu, "Mama, yamefunguka." Akatoka yule mama, akapiga magoti, akausogeza uso mpaka kope zikagusa petali. Alikaa hivyo muda mrefu. Akalia, bila kuficha na bila sauti, na binti yake akakaa chini kando yake, naye akalia. Dereva alisimama mbali na bomba akiwa ameshika kofia. Saa sita maua yakanuna, kama yalivyo.

Yalichanua siku kumi na mbili, kisha yakaweka maganda, membamba, mabichi, yamesimama wima. Dereva aliyahesabu: thelathini na moja.

Ndipo fundi akaleta matofali. Lori zima, na vijana wawili wa kushusha. Mke wa Dereva alitoka barazani na sindano mdomoni, akaichomoa. "Fundi, geuza gari."

"Mama, tulipatana mwisho wa mwezi."

"Tulipatana. Lakini tope nimeishi nalo miaka sita, siku chache zaidi hazitanipeleka kaburini. Geuza gari, na vijana wako wasikanyage kona ile."

Jioni hiyo mama mkwe aliweka kijiko chini, akamgeukia Dereva mwenyewe. Cherehani ikanyamaza.

"Maganda yale yana tabia yao," alisema. "Yakikauka hayasubiri mtu. Yanapasuka saa yanayotaka, na mbegu ni nyeusi, ndogo kama viroboto, na kama viroboto zinaruka. Ukichuma mbichi, haioti. Ukichelewa, huna. Kila ganda linataka kukatwa siku yake, rangi ikigeuka. Mimi rangi hiyo siioni. Binti yangu ana kazi za watu. Nataka macho ya mtu mmoja, kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama, wiki tatu."

Dereva aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Zile nilizoomba," alisema mama mkwe, akashika tena kijiko chake.

Kesho yake alipokwenda kuziomba, Haraka alicheka kweli, kama Dereva alivyokuwa ameogopa mwaka mzima. "Wiki tatu za nini, umejifungua?" Aliwaita wenzake waje wasikie. Wakacheka wote. Alimkumbusha kwamba ana onyo tayari, na kwamba mwisho wa wiki ijayo kuna kilima kingine kinamsubiri. Dereva aliwaacha wacheke, akaning'iniza kofia ya kazi ukutani, akaenda nyumbani. Lililomshangaza ni kwamba kicheko chenyewe hakikuuma hata robo ya alivyodhania.

Alikaa kwenye kigoda, mkasi wa mkewe mkononi na bahasha ya karatasi mapajani. Mama mkwe alikaa nyuma yake, kivulini, akisikiliza. Siku ya tano ganda moja lilipasuka kabla hajalifikia, tak, na mbegu zikapotelea mchangani. Alikosa hamu ya kula siku nzima. Siku ya saba alikata la kwanza kwa wakati wake. Lilifunguka ndani ya bahasha, na wote wawili wakazisikia mbegu zikigonga karatasi. Siku ya tisa walikuwa na maganda manne ndani, ishirini na sita nje, na jua kali linaloyakausha bila mpangilio, hili kabla ya lile.

Simu ikaita. Alitazama jina, akapokea bila kuondoa macho kwenye maganda.

"Nakusubiri," ilisema sauti ya Haraka. "Mashine imewaka, wewe tu. Nakupa saa moja. Usipotokea, usirudi tena."

Kulikuwa na ganda upande wa kushoto lililoanza kuwa hudhurungi kwenye mshono. Dereva alilitazama. Aliyajua maneno yaliyotakiwa. Yalikuwa mafupi, na yalikuwa yamechelewa mwaka mzima.

"Mbegu hazijakauka, mkuu," alisema. "Nahitaji zile wiki tatu."

Upande wa pili injini ikanguruma. "Basi nampandisha mwingine," Haraka akasema, akakata.

Dereva aliiweka simu chini, kwenye udongo. Akashika mkasi.

"Amesemaje?" akauliza mama mkwe kutoka kivulini.

"Anampandisha mtu mwingine."

Mama mkwe alisikika akivuta kigoda chake, akasogea mpaka nyuma ya bega lake.

"Basi sogea kidogo, baba," alisema. "Unayazibia jua."